Siku Niliyopandishwa Dunguni

Msimu uliopita wa mpunga, binti yangu alinipa kazi iliyonifanya nishindwe hata kumeza chai. Alisema, "Baba, kesho wewe utapanda dungu."

Kwetu huku kijijini Wema, kando ya mto, dungu ni kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba, mtu akae juu afukuze ndege. Ni kazi ya mtoto ambaye bado hajaliweza jembe, na ya mzee ambaye jembe limemshinda. Hapo kati mtu analima, anavuna, anavusha magunia kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa hapo kati! Nilikuwa hapo tangu ujana, na sikumbuki kuaga.

"Mimi mzee?" nikamuuliza.

"Watoto wako shule, Baba. Na mpunga ukiliwa, mwaka huu tutakula nini?"

Alinijibu akinikazia macho. Ndiye anayeliendesha shamba tangu mama yake afariki, na akishaamua ameamua. Nilikasirika, lakini nikapanda.

Nikajiambia nitamwonyesha. Nilikaa na kombeo langu na rundo la madongo, kwelea wakatokea upande wa mto, nikawatawanya. Halafu pakawa kimya. Kimya kizuri kabisa, hata nikaanza kujisifu kwamba hakuna ndege atakayethubutu kurudi.

Ndipo nikamwona binti yangu anakuja mbio juu ya tuta, mikono hewani, mdomo wazi, na sauti haimtoki. Nikashangaa amepatwa na nini. Nikageuka kutazama anakoonyesha.

Mungu wangu! Nyuma yangu mpunga ulikuwa hauonekani kwa ndege. Kwelea walikuwa wameyainamisha mashuke mpaka yakagusa matope. Kundi la namna ile kelele zake humtoa mtu nyumbani, na kweli zilimtoa yeye. Mimi nilikuwa katikati yao na sikusikia kitu. Niliteremka haraka, nikaanza kuwarushia madongo.

Tulipomaliza kuwafukuza, kona nzima ilikuwa imebaki makapi matupu. Akasimama mbele yangu akihema.

"Hukuwasikia?"

"Nilipitiwa na usingizi," nikasema. Afadhali aniite mvivu.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Kwa namna kichwa chake kilivyokuwa kikitikisika nilijua anazungumza, basi nikawa naitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, mama." Mlangoni aligeuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, vile nilivyokuwa nikimshika yeye alipokuwa anajifunza kusema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akatamka polepole, usoni pangu:

"Njia nzima nakuuliza, Baba: ulilala, au husikii? Na wewe unanijibu ndiyo, ndiyo."