Mtamba wa Babu na Barua Mbili za Chuo

Siku niliyochagua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na barua mbili zilikuwa zimefika kwetu Tlawi. Vyuo vikuu viwili vilinikubali kusoma shahada ya biolojia, na nilitakiwa kujibu kimoja ndani ya wiki mbili. Sikuumiza kichwa. Ofisini kwa mkuu wetu wa shule kulikuwa na kalenda ya chuo kimojawapo, yenye picha ya lango refu na maua pande zote. Basi nikachagua lango! Usinicheke, maana hata wewe jana nilikuona ukikuza picha za hosteli kwenye simu.

Kabla ya kujibu, niliteremka Balangdalalu kumuaga babu, baba yake mama. Babu alikuwa mfugaji, hakukanyaga darasa hata siku moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwa kufaulu huko nakupa mtamba. Ingia zizini uchague mwenyewe."

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nikamchagua mmoja mweusi, manyoya yanang'aa, pembe zimekaa sawa. Babu akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Mama yake umemwona?"

"Hapana, babu."

"Basi subiri jioni."

Jioni bibi akakamua. Mama wa yule mweusi alitoa maziwa ya kulowesha kitako cha kibuyu tu. Akafuata mama wa mtamba mmoja wa kijivu, mwenye pembe iliyopinda, ambaye mimi nilimpita bila kumtazama. Kibuyu kilijaa, povu likamwagikia mkono wa bibi. Ndiyo maana wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Na hicho chuo umekichaguaje?" babu akauliza.

Nikamweleza habari za lango. Safari hii hakucheka.

"Umesoma miaka yote hiyo, halafu unachagua kama mgeni mnadani? Mtamba anajulikana kwa mama yake anapokamuliwa. Kawatafute waliotoka kwenye vyuo hivyo, uone wanatoa nini."

Niliona aibu, lakini nilimtii. Nikapanda basi hadi Mbulu, nikawapata walimu wawili wa biolojia, kila mmoja kahitimu chuo kimoja. Nikawauliza wote, "Ulishika hadubini mara ngapi?" Yule wa chuo cha lango alikuna kichwa, akasema walikuwa wengi mno, wengine zamu haikuwafikia. Yule wa chuo cha pili, ambacho hakikuwa hata na uzio, alisimama akaanza kunionyesha kwa mikono jinsi walivyopasua panzi, na jinsi profesa wao alivyowaongoza msituni akiwa na buti za matope. Chai yake ilipoa mezani. Nikajua kibuyu kimejaa.

Nilikwenda huko, mwanangu, na nilifurahi! Nimefundisha biolojia mpaka nimestaafu, na sijajuta hata asubuhi moja.

Sasa wewe una vyuo viwili kwenye simu na siku tatu za kuthibitisha. Usithibitishe kwa sababu ya picha, wala kwa sababu rafiki zako wote wanakwenda huko. Kuuliza si ujinga. Wapigie waliomaliza, uliza maabara ina nini, uliza kama walimu wanatoka na wanafunzi kwenda porini, kisha sikiliza sauti zao wanavyojibu. Ukikuta lango zuri na maabara nzuri, nenda tu, mimi sina ugomvi na malango.

Mungu akutangulie njiani, akupe walimu wasiochoka kuulizwa, na akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye mengi ya kutufundisha. Haya, maliza chai yako kwanza, ndipo upige simu. Hayo maziwa unayokunywa ni ya uzao wa yule wa kijivu.