Afisa Aliyemgeuzia Mgongo Mama Mkwe

Kwenye geti la bandari ya Kisumu, Wasike alijulikana kwa mambo mawili: viatu vinavyong'aa na kichwa kisichopinda. Msafiri akishuka melini na karatasi yenye kasoro, Wasike hakupiga kelele wala hakutukana. Alimwambia tu, "Ndugu yangu, meli bado ipo," na yule mtu akajua safari yake imegeuka. Watu walimwogopa jinsi mtoto anavyoogopa sindano.

Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi nje ya geti hilo tangu bwana yangu Mureithi alipofariki na kuniachia watoto na birika kubwa. Watu waliniuliza mwanamke wa Nyeri anatafuta nini kando ya ziwa. Niliwajibu kwamba Nyeri kila mtu ana chai yake nyumbani, sasa nikauze kwa nani? Hata ile miaka mibaya ambayo watu wa kwetu walifunga maduka wakapanda gari la moshi, mimi nilibaki, na wale wale walioniambia nirudi kwetu walikuja asubuhi kuuliza kama mandazi yako tayari.

Wasike alikuwa mteja wangu wa kila siku. Alikuwa kijana wa Bungoma, Mbukusu, aliyemaliza kidato cha nne na kuandikwa kazi ya uhamiaji. Siku za meli niliruhusiwa kuingia na kumpelekea chai mezani pake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukimuuliza juu ya kazi yake alieleza polepole, na hata mimi niliyeishia darasa la saba nilimwelewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Wenzetu wa Uganda walikuwa wameanza kudai viza kwa Mkenya anayeshuka kwao, pamoja na ada ya kuingia. Haukupita muda, agizo likaja upande wetu: Mganda anayeshuka Kisumu naye awe na viza, na alipe kiasi kile kile.

"Kwa hivyo serikali mbili zimenuniana kama wake wenza," nilimwambia Wasike.

"Si kununiana, Mama. Ni kama matanga. Ukija kwangu na unga, nami kwako nitakuja na unga. Ukija mikono mitupu, usitarajie."

"Na yule mama wa ndizi aliyeshuka leo akilia, yeye alimtoza nani?"

"Hakumtoza mtu."

"Na wewe umemtoza."

Akaniomba nimwongezee sukari. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikimbia mazungumzo.

Mkewe aliitwa Nakhungu. Wazazi wake walikuwa ng'ambo, Kampala, ambako baba yake alifanya kazi ya reli mpaka akazeeka, nao wakawa raia wa huko. Nakhungu alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipokaa, alisema neno moja tu, akalisema kila siku: mama yake awepo siku ya kujifungua. "Mama akiwa karibu, huyu hatatoka kabla ya wakati," aliniambia. Na mimi, niliyezaa watano huku mama yangu akiwa Nyeri akipanda viazi, sikumcheka. Kila mtu na kamba inayomshika.

Sasa kuna jambo la watu wa Wasike ambalo lazima lielezwe, kwa sababu kwetu halipo namna hiyo. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali nyumba moja. Wala si chuki. Ni heshima, tena inakwenda pande zote mbili: yeye anamkwepa mama, na mama anamkwepa yeye. Iko njia ya kuiondoa, ya wazee na mbuzi, lakini si wakati binti ana mimba. Mkwe akimtazama mama mkwe wakati huo, wanaogopa kwamba atakayelipa ni mtoto aliye tumboni.

Wasike alipanga kila kitu. Mama yake Nakhungu, ambaye jina lake ni Nabututu, angekuja na meli ya wiki fulani, na siku hiyo afisa mwenzake Wasike, Bwana Ogola, ndiye angekaa mezani. Ogola alikubali, akacheka sana, akasema Wabukusu wana kazi.

Lakini Nabututu alikuja na meli ya wiki iliyotangulia. Mama wa binti mjamzito hasubiri ratiba. Na siku hiyo Ogola alikuwa kijijini kwao, Luanda Kotieno, akimzika ndugu ya baba yake.

Nilikuwa nimesimama na birika kando ya meza. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwona mama mmoja mrefu, kuku kwapani, kikapu cha unga wa wimbi mkononi. Alipokaribia aliinua macho, akaona mtu aliyekaa mezani. Hapo hapo alijifunika leso kichwani, akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama akitazama ziwa. Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu. Nikageuka kumwambia Wasike, na Wasike alikuwa ameshageuza kiti chake kuelekea ukutani.

"Ni yeye," akasema.

"Nani?"

"Mama ya Nakhungu. Hakuna mwingine wa kujifunika hivyo mbele yangu. Alikuwa aje wiki ijayo."

Wasafiri walikuwa wanatazama kisogo cha serikali. Baadaye Wasike alikigeuza kiti, akawamaliza wote mmoja mmoja, macho kwenye karatasi, bila kuinua uso kuelekea ziwani hata mara moja. Kisha akaniambia, "Mama, nenda ukamwombe pasipoti."

Nilimletea. Aliifungua, akaifunika picha kwa kiganja, akasoma jina, akaona viza iko sawa, akaifunga.

"Hata picha?" nikamuuliza.

"Picha ni uso."

"Basi lete hapa. Mimi nina macho mawili mazima. Nitalinganisha uso na picha, wewe ugonge muhuri, kila mtu aende nyumbani."

"Nikigonga muhuri ninasema kwamba mimi, afisa, nimemtazama."

"Si useme tu?"

"Mwezi uliopita nilimpitisha mwanamke aliyekuja na pasipoti ya dada yake. Yule nilikuwa nimemtazama kweli, na barua ya onyo nikapata. Leo niseme nimemtazama mtu ambaye sijamtazama?" Akaisukuma pasipoti kando. "Na kuna ile ada. Mkwe anapeleka ng'ombe kwa mama mkwe. Sasa mimi ninyooshe mkono nimtoze?"

Nikaenda kwa Nabututu. Kabla sijafungua mdomo aliuliza, "Msichana yuko wapi?"

"Hospitalini tangu jana. Uchungu umeanza."

"Na huyo anasema nini?"

"Anasema hawezi kukutazama."

"Vizuri. Angenitazama ningerudi kwetu na binti yangu."

"Lakini Mama, yeye ndiye mwenye muhuri."

"Hakuna mwenzake?"

"Yuko matangani. Atarudi kesho."

Alitazama mlimani, ambako mabati ya hospitali yalionekana juu ya miti. "Kesho ni mbali," akasema.

Hapo nikachoka na adabu zao. "Mwambie akutazame mara moja, yaishe. Mtoto ni wa Mungu, si wa macho ya mtu."

"Wawili walishatoka," Nabututu alinijibu bila kupandisha sauti. "Wewe walitoka wangapi?"

"Hakuna."

"Basi shukuru Mungu, uniache."

Nilimwacha.

Karani wa meli akaja, mtu mfupi mwenye haraka. Kwa kawaida aliyekataliwa getini hurudishwa na meli iliyomleta, na meli ilikuwa imeshapiga honi. "Bwana Wasike," akasema, "huyu mama ameingia au amekataliwa? Nikimwacha bila jibu nitaulizwa mimi."

"Sijamkataa," Wasike akauambia ukuta.

"Basi ameingia."

"Sijamwingiza."

"Sasa yuko wapi, bwana? Hewani?"

"Yuko kwenye banda la forodha mpaka Ogola arudi. Hapo bado si kwetu wala si kwao. Andika hivyo, na jina langu uliandike."

Karani alitikisa kichwa. "Wewe ulioa nyumba yenye mashaka," akasema, akaenda zake. Meli ikaondoka.

Banda lile lilikuwa la marobota ya pamba. Nilimtandikia Nabututu gunia, nikamletea chai na mandazi, akakataa mandazi. Wasike alivaa koti, akaweka kiti nje ya mlango, mgongo kwa mlango, akakaa hapo mpaka kukakucha. Hakumwamini askari wa zamu. Mimi nilipanda mlima na kushuka nikipeleka habari, kwa sababu mguu pekee uliokuwa huru kupita geti lile ulikuwa wangu, na hakuna aliyeuliza kama unauma.

Katika wadi, Nakhungu alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Mama amefika?"

"Amefika."

"Yuko wapi?"

"Bandarini."

"Bandari ya wapi?"

"Ya hapa, Kisumu."

Alinitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Nikamweleza. Aligeukia ukuta, na baada ya hapo hakuniuliza tena, hata nilipokwenda mara ya pili. Mtoto alizaliwa kabla ya jua, msichana, mzima, mwenye sauti.

Ogola alifika asubuhi akiwa na vumbi la Luanda Kotieno, sauti imekauka kwa kuomboleza. Alimtazama Nabututu, akatazama picha, akapokea ada, akagonga muhuri. Mimi hata birika sikuwa nimelitua.

"Omera, ndugu yangu Wasike," akasema, "ni hili tu?"

"Ni hilo tu."

Wasike alijibu kutoka nyuma ya marobota yaliyokuwa nje ya banda, alikojificha mpaka mama mkwe apite. Nabututu alipanda ule mlima kwa mwendo ambao mimi, mdogo kwake, niliushindwa.

Alikaa kwangu mwezi mzima, kwa kuwa kwa mkwe asingeweza kulala, na mchana Wasike akiwa kazini alikwenda kumwosha mtoto na kumpikia binti uji. Kwa Wasike hakuwa na neno baya. "Mwanamume anayekaa nje usiku kucha akitazama ziwa ili asinitazame mimi, huyo nilimpa binti bila kukosea," aliniambia. "Nililala kwenye pamba kama malkia."

Binti yake hakulala kwenye pamba. Jioni moja nilipeleka nguo za mtoto nyumbani kwao, nikawakuta mezani, chakula hakijaguswa. Waliponiona hawakunyamaza, jambo lililoniambia kwamba maneno yale yalikuwa ya siku nyingi.

"Nakuuliza kitu kimoja," Nakhungu alikuwa akisema. "Usiku ule ulimwogopa nani, mama yangu au serikali?"

"Nilimwogopea mtoto."

"Mtoto nilikuwa naye mimi."

Wasike alinitazama mimi, kana kwamba nina jibu kwenye kikapu cha nguo. Mpaka leo nikifikiri, sioni mahali alipokosea. Sheria ya serikali aliishika, ya wakwe aliishika, uongo hakuuandika. Serikali zilirudishiana ada, wakwe walirudishiana heshima, na kila mmoja akaridhika kwamba kapata haki yake. Aliyekuwa kitandani ameshika chuma hakuwa na mtu wa kumrudishia chochote. Labda Wasike angegonga ule muhuri kwa macho yangu na kuikubali barua ya pili ya onyo. Labda. Ni rahisi kwangu kusema. Mimi kazi yangu haina barua, ina majivu tu.

Waliendelea kuishi pamoja, vizuri hata. Nakhungu hakumfungia mumewe mlango wala hakumnyima chakula. Ila neno "mama" halikutajwa tena katika nyumba ile.

Miaka miwili baadaye Nakhungu alipata mimba nyingine. Safari hii hakumwomba mama yake aje. Mimba ilipokuwa kubwa alikata pasipoti, akaomba viza, akanunua tikiti ya meli, yote bila kumtuma mumewe. Siku ya safari Ogola alimwambia Wasike, "Leo nenda nyumbani, mimi nitakaa." Wasike akasema hapana, zamu ni yake.

Nakhungu alisimama kwenye foleni kama kila mtu, mkono mmoja kiunoni, msichana wake akimshika sketi. Mimi nilikuwa na birika langu mahali pangu. Alipofika mezani aliweka pasipoti. Wasike aliifungua, akamtazama usoni, akatazama picha, akamtazama tena usoni. Sheria inataka hivyo. Nakhungu hakuinamisha macho.

"Unakwenda kufanya nini ng'ambo?" Wasike aliuliza, jinsi anavyouliza kila mtu.

"Kuzaa."

"Utakaa muda gani?"

"Mpaka mtoto akae vizuri."

"Kule kuna ada ya kuingia."

"Ninayo."

Wasike alishika muhuri, akaupulizia pumzi kama ilivyokuwa desturi yake, akagonga. Alimpa pasipoti kwa mikono miwili. Msichana alimpungia baba yake mkono, naye akampungia. Nakhungu alipanda ngazi ya meli polepole, akishika kamba, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuonekana kama mtu anayetaka msaada.

Nyuma yake kulikuwa na mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria na gunia lake la omena. Wasike akanyoosha mkono, akamwomba pasipoti.