Jalada Nililomchorea Mbuke

Mvua ya kwanza ya vuli inapoangukia mawe ya Mwanza, mawe yaliyokaangwa na jua kiangazi kizima, hupanda harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: harufu ya vumbi lililoshiba, ya jiwe la moto, na kwa mbali ya dagaa walioanikwa ambao mtu amechelewa kuwaanua. Nikiisikia harufu hiyo, hata sasa ninapotembea kwa kuegemea ukuta, hurudi kwenye vuli moja ya zama za Mwingereza, nilipokuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Sina hakika, kwa kuwa mama yangu aliuhesabu umri wetu kwa mavuno na kwa njaa. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akirudi jioni na nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi kama mzee wa ghafla. Mimi nilikuwa nasoma shule ya misheni iliyokuwa nje kidogo ya mji, njiani kwenda Nyegezi, jengo moja la udongo lililopakwa chokaa. Tukiinua macho kutoka kwenye vibao vyetu tuliliona ziwa lote limelala, na siku nyingine juu yake wadudu wadogo wa ziwani wakipanda kwa maelfu kama moshi wa moto usio na mwenyewe.

Vitabu tulikuwa navyo vya aina mbili, vya dini na vya hesabu, na vyote vilikuwa vyeusi au vya rangi ya kahawia kama maji ya mtaro. Ndiyo maana siku Mwalimu Zakaria alipofungua sanduku lililokuja kwa reli, akapangua maranda ya mbao na kutoa kitabu chenye picha ya rangi kwenye jalada, darasa zima lilisimama bila kuambiwa. Mwalimu Zakaria alikuwa Mkerewe mrefu, mpole wa sauti, ambaye alivaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku za matope. Alikiinua kile kitabu kwa mikono miwili. Juu ya jalada gumu ilikuwa imebandikwa karatasi yenye picha ya msichana amepanda ndege mkubwa, na chini yao maji ya buluu yasiyo na mwisho. Ilikuwa hadithi ya Kiswahili, ya msichana anayesafiri hadi nchi ambako mvua hulala kabla ya kunyesha, ili akaiamshe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua kwamba kitabu kinaweza kuwa na habari za namna hiyo. Hadithi za maajabu tulizisikia kwa bibi zetu, zikipita sikioni na kupotea. Hatukujua kuwa watu wazima wa mbali huzichapa, na kumlipa mtu wa kuzichorea picha.

Alitusomea kila Ijumaa baada ya masomo, sura moja tu, kisha akakifunga na kukisimamisha mezani jalada likitutazama. Macho hayana pazia, na yetu yalikula mpaka yakavimbiwa. Nilikuwa nakwenda kuchota maji huku namwona yule ndege kwenye mawingu ya upande wa Ukerewe. Nilikuwa natwanga mtama huku nimepanda mgongoni mwake, mpaka mama akaniuliza kama mchi umeniota mkononi. Watoto walibishana kuhusu yule msichana kama wanavyobishana kuhusu jirani: jina lake nani, haogopi kuanguka, alikula nini angani.

Mtu mmoja hakuwahi kuiona picha hiyo. Huyo alikuwa Mbuke, rafiki yangu, niliyekaa naye kwenye benchi moja tangu siku ya kwanza ya shule. Miezi miwili kabla ya sanduku kufika, goti lake la kushoto lilivimba bila sababu iliyojulikana. Walimpeleka kwa mganga wa miti shamba, kisha hospitali mjini, akarudishwa nyumbani na mguu umefungwa kwenye ubao na amri ya kutokanyaga chini. Kwao ilikuwa karibu na ghuba ya Nyegezi. Kila Jumapili nilimtembelea nikamsimulia sura ya wiki ile, naye alisikiliza ameegemea ukuta, bila kupepesa jicho. Kila mara alimaliza kwa swali lilelile: picha ikoje? Nami nilijibu kwamba nzuri, nzuri sana, maana sikuwa na maneno.

Nilipomwomba Mwalimu aniazime kitabu nimpelekee Mbuke, alikipapasa jalada kwanza. Kilikuwa kimoja kwa watoto arobaini. Mwishoni alikifunga kwenye kitambaa, akakaza kwa kamba ya katani, akaniambia, "Kabula, hiki si chako wala si changu. Akae nacho wiki moja. Na usikifungue njiani." Nilikibeba kifuani kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Nilipofika katikati ya njia nikaona upande wa Buhongwa umekuwa mweusi. Ningeweza kujikinga chini ya mwamba, kama walivyofanya wachunga ng'ombe walioniita kwa sauti, lakini nilitaka kufika, nilitaka kuuona uso wa Mbuke. Nikakimbia. Mvua ikanikuta kwenye uwanda, pasipo mti wala jiwe, ikanipiga mpaka sikuona miguu yangu. Nilikikumbatia kitabu kwa nguvu zote, nikidhani namlinda yule msichana, kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimsugua.

Nilipofungua kile kitambaa chini ya upenu wa kwao, ile karatasi ilibaki kwenye kitambaa. Gundi ilikuwa imeyeyuka na picha imegeuka uji wa buluu na nyekundu. Vipande vilikuwa vimeganda kwenye kitambaa, na rangi imepenya mpaka kwenye gauni langu. Kurasa za ndani zilikuwa zimelowa pembezoni tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami nilijaribu kuyazoa, nikivibandua vile vipande kwa kucha na kuvipanga juu ya goti, mpaka mama yake Mbuke akatoka na kuniona.

"Mwanangu, umelowa hivyo, ingia," akasema. "Mwenzako amekungoja tangu asubuhi. Amekataa hata kulala."

Mbuke alikipokea kitabu, akakigeuza, akaona jalada tupu la kahawia lenye madoa ya gundi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alipapasa pale picha ilipokuwa, kisha akasema, "Basi niambie ilivyokuwa. Safari hii usiniambie nzuri sana. Niambie."

Nikaanza. Nilimwambia ndege alikuwa mkubwa kuliko mtumbwi, kifua cheupe, mabawa ya kahawia, yaani furukombe kama yule anayelia asubuhi juu ya mawe yetu. Nilimwambia msichana alikuwa na shanga shingoni na nywele zilizosukwa. Sijui nilikuwa nakumbuka au nabuni. Maneno yaliyonikataa wiki zote yalikuwa yanakuja yenyewe. Mbuke akafumba macho. Mkono wake ulikuwa umeushika ule mguu uliofungwa ubao, juu kidogo ya goti.

"Na miguu yake?" akauliza. "Alikaaje?"

Miguu naikumbuka vizuri. Yule msichana wa kwenye picha alivaa viatu vyekundu, na miguu yake ilining'inia kwa raha, mmoja umerushwa mbele kama wa mtu anayecheza. Kila mtoto wa darasa letu alivikumbuka viatu vile, maana sote tulikwenda pekupeku.

"Haionekani," nikasema. "Imezama kwenye manyoya."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Akafumbua macho, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari aliyoitarajia.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na asubuhi nilifika shuleni kabla ya kengele. Nilimsimulia Mwalimu habari ya mvua, nikamwonyesha kitambaa kilichochafuka; kitabu nilikuwa nimekiacha kwa Mbuke. Nilingoja fimbo. Yeye akauliza, "Kinasomeka?"

"Kinasomeka, Mwalimu."

"Basi kiko hai. Kimevuliwa nguo tu. Wewe utakishonea nyingine." Kisha akanisimamisha mbele ya darasa niseme mwenyewe nilichofanya, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo, kwa kuwa siku tatu nzima hakuna aliyenisemesha. Hata watoto wa kupanga nao mstari wa kunawa walisogea mbele au nyuma.

Karatasi nzito ya kuchorea alinipa Mwalimu. Rangi nilizitafuta mwenyewe. Makaa nilitoa jikoni, udongo mwekundu kwenye kichuguu. Njano na buluu zilinipeleka kwenye duka la kona, ambako mke wa mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Kanta, aliniuliza manjano kidogo vile yanatosha mchuzi gani. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa. Kisha akaingia ndani, akarudi na manjano kwenye kipande cha gazeti na donge la buluu ya kufulia lililobaki nusu. "Buluu weka kidogo-kidogo," akaniambia. "Ikizidi, maji itakuwa usiku." Brashi yangu ilikuwa mswaki wa kijiti nilioutafuna mpaka ukawa na nyuzi.

Mwalimu alitaka darasa lisaidie, akawauliza wakumbuke picha. Hapo ndipo nilipoona ajabu. Huyu alisema ndege alikuwa mweupe, yule akaapa alikuwa wa kijivu, mwingine akasema ana taji kama korongo. Wengine waliona jua; wengine hawakuliona. Tulikuwa tumekitazama kitu kimoja kwa wiki zote zile na kila mmoja alikuwa amekwenda nyumbani na chake. Walikubaliana juu ya viatu tu. Nami nilichora siku nne, furukombe wangu, shanga, mawe yetu yakichungulia chini kwenye maji ya buluu, na miguu ya msichana nikaizamisha kwenye manyoya. Nilipoiweka picha mezani, watoto waliisogelea kwanza, maana hakuna aliyewahi kuona mawe ya kwetu kwenye kitabu. Kisha zikapanda kelele: "Viatu! Viatu viko wapi?"

Mwalimu alinitoa nje. "Nawe umevisahau?"

"Sikuvisahau, Mwalimu. Nilimwambia Mbuke kwamba miguu haionekani."

"Kwa nini ulimdanganya mgonjwa?"

"Aliniuliza akiwa ameushika mguu wake."

Niliamini kwamba ataniamuru nivichore, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitakataa, na kwamba nikikataa nitafukuzwa, na baba hataniuliza mara mbili, ataniweka nyumbani nilee wadogo zangu. Mwalimu akarudi ndani, akawaambia watoto kwa sauti yake ileile ya kusomea, "Viatu vimo ndani ya manyoya. Angani kuna baridi." Wakacheka, wakaridhika. Mimi nilisimama pale mlangoni, sikujua kama nimesamehewa au vipi.

Jumapili nilikwenda Nyegezi na picha imekunjwa ndani ya jani la mgomba, pamoja na uji mzito wa muhogo wa kubandikia. Mbuke aliitazama kwa muda mrefu sana. Hakusema nzuri. Tuliipaka uji, tukaibandika pamoja, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, tukailainisha kwa viganja. Ilipokwisha kukauka alikifungua kitabu karibu na mwisho, mahali Mwalimu alikuwa hajafika, akanionyesha. Kulikuwa na picha ndogo isiyo na rangi, ileile ya jalada: ndege, maji, na msichana mwenye viatu, mguu mmoja umerushwa mbele.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikudhani yangu ingekuwa fupi hivyo. "Uliiona lini?"

"Siku ileile. Ulipoondoka tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisikia unachora jalada. Nilitaka kuona kama utachora ulichoniambia," akasema, akakifunga kitabu, akakilaza mapajani jalada likiwa juu.

Goti la Mbuke halikukunjika tena maisha yake yote. Alirudi shuleni baada ya Pasaka akitembea kwa fimbo, akanipita kwa kusoma na kuandika, na baadaye akawa mwalimu Misungwi. Alifundisha mpaka nywele zikawa nyeupe, na tumemzika miaka michache iliyopita, tukiwa tumebaki wachache wa benchi zile. Kitabu kiliisha kwa mchwa na mende, ambao waliupenda ule uji wa muhogo kuliko sisi tulivyopenda picha.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Juzi niliingia duka la vitabu mjini, nikakuta ukuta mzima wa majalada ya watoto: watoto wachawi, majoka yenye miali ya moto, milango inayofunguka ndani ya miti, rangi zinazong'aa kama mafuta juu ya maji. Kijana wa dukani akanisalimu, "Shikamoo, bibi. Unatafuta kipi?" Nikamwambia natazama tu. Nilitazama mpaka miguu ikachoka, nikamnunulia kitukuu changu kimoja chenye mji uliojengwa juu ya kobe. Nilipompa, hakulitazama jalada hata kwa muda wa kuhesabu tatu. Alilikunja kinyumenyume ili ashike vizuri, akalala kifudifudi, akazama. Nilitaka kumkemea. Sisi tulipewa jalada na kidogo cha kusoma, yeye amepewa cha kusoma mpaka jalada halina kazi, na sijui ni nani kati yetu aliyepata zaidi. Nilikuwa bado napima hilo pale kwenye kiti changu aliposhtuka, akaziba mdomo, akacheka peke yake, kisha akaona kwamba kucheka peke yake hakumtoshi.

"Bibi," akasema, "njoo, usikie hapa."

Nikasogeza kiti.