Katambuga Zisizooshwa

Mama mkwe wangu alitaka tuzichome moto. Alilisema hilo akichambua mchele kwenye ungo, bila kuninyanyulia uso. "Zitupe hapo mafigani, mwanangu. Ni viatu tu." Katambuga za mume wangu zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari juu ya moto wa jikoni, zimeiva moshi, na katikati ya mikanda na soli ya tairi kulikuwa na damu iliyokauka ikawa nyeusi. Nikamwambia hapana. Katika miaka yote ya ukamwana wangu sikuwahi kumwambia yule mama hapana, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Nieleze jinsi viatu vya tairi vilivyogeuka kuwa jambo la kufa na kupona nyumbani kwetu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Pamba ambayo tangu utoto wetu ilinunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kununuliwa na watu binafsi, waliokuja na malori yao na mizani yao. Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika. Ghala lilipofungwa hakukaa kujililia; alitafuta visu viwili vizuri akawa mchinjaji, anaitwa huku na huko vijijini, na mimi nikaendelea kufundisha darasa la tatu.

Msimu mmoja tulipeleka pamba yetu Nkololo kwa wakala wa mnunuzi binafsi. Mume wangu aliitazama ile mizani ikipanda na kushuka, akasema inaiba. Wakagombana mbele ya watu. Mume wangu ana hasira za karibu, na mimi ninayesema hivyo si mpole. Alimnyooshea wakala kidole akamwambia, "Utanitambua." Kila aliyekuwa na gunia pale alisikia. Haukupita muda yule wakala akakutwa kando ya njia amechomwa kisu, amekufa.

Jioni ya siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani na damu kwenye shati. Alisema ametoka kumchinjia ng'ombe mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Damu ilikuwa kazi yake, sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba alikataa chakula na hakutaka kusemeshwa. Asubuhi askari walimchukua akiwa na ndala miguuni, wakalichukua na lile shati, lililokuwa bado bichi kwa kuwa alilisokomeza kwenye ndoo. Kisha wakaenda kwa yule mzee. Mzee akaapa kwamba mwaka ule hajachinja hata kuku.

Basi mmoja wao alikuwa anadanganya, na mimi sikujua ni nani.

Shati lilitiwa kwenye mfuko wa rambo. Mifuko ile ya nailoni ilikuwa imeingia na biashara huria na sote tuliiona ndio usafi wenyewe. Mimi nilikuwa naifua, naianika, na kuitunza chini ya godoro. Aliyelifunga shati lile bila shaka alidhani ameliheshimu. Likakaa humo kwenye joto, fundo limekazwa, likingoja gari la kwenda Shinyanga, kisha treni ya Dar es Salaam kwa mkemia wa serikali. Siku moja kesi ilipotajwa, mwendesha mashtaka alisoma majibu. Kielelezo kilifika kimeoza na kuota ukungu. Haikuwezekana kujua kama damu ile ni ya mtu au ya mnyama. Na mkemia aliongeza kwamba nguo yenye damu hukaushwa kivulini, kisha hufungwa kwa karatasi, kamwe si kwa nailoni.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Baada ya sentensi hiyo sikusikia tena lolote lililosemwa mle ndani. Nilikuwa naziona katambuga juu ya moto wangu.

Niliziokota mlangoni asubuhi ile alipochukuliwa nikazitundika jikoni, na tangu hapo sikuzigusa. Kuziosha nilishindwa, kuzitupa nilishindwa. Moshi ulikuwa umezikausha kuliko jua lolote la kiangazi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa sajenti wa upelelezi aliyeshika kesi ile, mtu mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi, ambaye alikuwa amenichoka tangu wiki ya kwanza.

"Mwalimu, umekuja tena."

"Nimekuja tena. Kuna viatu alivyovaa siku ile. Vina damu, na vimekauka."

"Vilete."

"Sivileti. Nikivileta mimi, kesho mtasema nimevipaka damu ya mbuzi njiani. Uje uvitoe msumarini kwa mkono wako."

Akacheka kidogo. "Sheria umesomea wapi?"

"Benchi la nyuma."

Akaacha kucheka. Alivuta kiti akaniambia nikae, na kwa mara ya kwanza alizungumza nami kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Sikiliza, mwalimu. Sasa hivi hatuna jibu la damu, na wakili mzuri anaweza kupita hapo. Wale wa maabara wakisema ni ya ng'ombe, vizuri. Wakisema ni ya mtu, hakuna wa kumtoa mumeo. Na viatu utakuwa umetoa wewe. Una uhakika na mtu wako?"

Sikuwa na uhakika. Nilimpenda, na nilijua hasira zake. Nililijua pia lile tabasamu lake la kuficha jambo. Niliogopa. Lakini nilijiona nikiishi naye miaka mingine yote, namtilia maji ya kunawa, nimtazame mikono nisijue. Hilo sikuliweza.

"Gari lenu lina mafuta?" nikamuuliza.

Halikuwa na mafuta. Akasema atakuja kwa baiskeli.

Ndipo mama mkwe alipotaka zichomwe. Nilipomkatalia aliuweka ungo chini na machozi yakamtoka. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Sitaki kujua."

"Mayu, mama yangu, ukizichoma utakuwa umeshamhukumu."

"Na wewe ukizitoa?"

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko, miguu nimeinyoosha, na yeye akaelewa kwamba akitaka kuingia itabidi anivuke. Alinipa kisogo. Tukakaa hivyo, mama na mkamwana, kila mmoja akilia kivyake, mpaka kengele ya baiskeli iliposikika uani.

Sajenti alikuja na balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Akavaa glavu, akazitungua katambuga, halafu akachomoa mfukoni kitu gani? Mfuko wa rambo. Nilimpigia kelele kama ninavyowapigia watoto wa darasa la tatu. Nikaleta karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari, nikamwambia kila kiatu kipate karatasi yake. Alinung'unika, akafunga, akakaza uzi wa katani, akayeyusha lakiri juu ya fundo, akatia sahihi yeye na balozi. Mimi sikugusa hata ncha ya uzi. Mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu, walikaa Shinyanga. Mkemia alikuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam, mama mdogo wa umbo, sauti ya chini, jaji aliyekaa juu akilazimika kuinama ili amsikie. Aliulizwa alifanya nini, akaeleza bila haraka. Kwanza alitaka kujua kama ule weusi ni damu kweli au ni kutu na masizi, kwa hiyo aliugusa kwa uzi uliolowa maji, akaudondoshea dawa, na dawa ikageuka rangi. Ilikuwa damu. Kisha akachukua maji yanayotokana na damu ya sungura aliyewahi kudungwa damu ya mtu. Mwili wa sungura yule, alisema, hujifunza kuitambua damu ya mtu na kuikataa. Ukikutanisha maji yake na damu ya mtu, hutokea utando mweupe kwenye kichupa. Kama si ya mtu, kichupa hubaki kiangavu, unaona ng'ambo.

"Na kwa viatu hivi?" aliulizwa.

"Kilibaki kiangavu. Nikajaribu kwa maji ya sungura aliyedungwa damu ya ng'ombe. Utando ukatokea."

Niliushika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Wakili wa serikali akasimama. Alisema viatu vilikaa nyumbani kwa mke wa mshtakiwa muda mrefu. Je, asingeweza kuvipaka damu ya ng'ombe? Mkemia alifikiri kwanza. "Angeweza. Lakini damu ya mtu ingekuwa chini yake, ningeikuta. Nilivichana viatu mpaka kwenye misumari inayoshika mikanda. Humo ndani sikukuta ya mtu, ni ya ng'ombe tupu."

Wakati huo yule mzee wa kijiji cha jirani naye kumbukumbu zilikuwa zimemrudia. Sajenti alimwendea tena na majibu ya maabara mkononi, na mzee akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na ng'ombe mgonjwa, akaita mchinjaji amuwahi kabla hajafa, na nyama ikauzwa bila muhuri wa bwana mifugo. Aliogopa jela yake, akamwachia mwenzake kitanzi. Mume wangu naye hakula jioni ile kwa sababu alijua nyama ile italiwa na watu. Mahakama ilimwachia huru siku ileile mkemia alipotoa ushahidi.

Tulivuka barabara tukaingia kwenye mgahawa. Nilimwagizia wali na maharage, akala taratibu, amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Alipomaliza alisukuma sahani.

"Sajenti ameniambia viatu ulitoa wewe."

"Ni mimi."

"Ulijua ni damu ya ng'ombe."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, yakaisha. "Sikujua," nikasema.

"Kila Jumamosi ulikuja mahabusu. Ukaniletea chakula, ukaniletea habari za watoto. Hukuniuliza hata mara moja."

"Ningekuuliza, ungesemaje?"

"Ningesema ni ya ng'ombe."

"Na kama ingekuwa ya mtu?"

Mhudumu alikuja akaondoa sahani, akafuta meza, akaenda. Mume wangu aliitazama mikono yake, akaigeuza juu chini.

"Ningesema ni ya ng'ombe," alisema.

Nikaishika ile mikono yote miwili, pale mezani, mbele ya watu.