Waskoti na Jina la Mama Yangu

Sitataja jina la mtu yeyote hapa, na huo peke yake ni mzaha, maana kisa chenyewe ni cha majina.

Mwaka wa 2017 nilikuwa nafanya kazi katika hifadhi ya nyaraka ya maktaba moja katikati ya Johannesburg. Dirishani taxi zilipigiana honi kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Mezani nilikuwa na Waskoti. Familia moja iliyohamia huku enzi za migodi ilikuwa imetukabidhi makaratasi ya vizazi vyake vyote: mikataba ya mashamba iliyoandikwa juu ya ngozi ya kondoo, mihuri ya nta nyekundu, barua za mashangazi wakilalamikia mvua, hata maelekezo ya kumtibu ng'ombe aliyevimba tumbo. Kazi yangu ilikuwa kujua karatasi ipi ni ya nani, kisha kuitia katika sanduku la mwenyewe. Taabu ni kwamba watu hao walikuwa wabahili wa majina kupita kiasi. Babu, mjukuu, binamu, wote jina moja.

Wenzangu walishika vichwa. Mimi nilicheka, kwa sababu mimi ni Mkikuyu. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hakuna cha kuchagua jina kwa kuwa limekupendeza. Nikaijaribu kanuni hiyo kwa Waskoti, ikakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Wanaume wote wakaingia masandukuni mwao bila ugomvi. Kichwa kikanivimba. Nikawageukia wanawake huku nikiimba, na kwa kuwa kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, nao nikawapanga hivyo hivyo.

Msimamizi wangu, mama wa makamo ambaye ukoo wake ulitoka huko huko Uskoti, alifungua sanduku moja, akasoma, akafungua la pili.

"Eish," akasema. "Bibi huyu umemfanya ajibu barua akiwa kaburini."

Ndipo akanieleza. Kwa wazee wake, wavulana walikwenda kama wetu, lakini binti wa kwanza aliitwa jina la mama wa mama yake. Upande wa baba ulingoja binti wa pili.

Niliketi. Haikuwa aibu ya kazi iliyoharibika. Makaratasi hupangwa upya. Ni kwamba nilikuwa mjamzito, na tulikuwa tumeshaambiwa ni msichana.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mama yangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa amekwisha kuchukua jina la baba mkwe, kama inavyopasa. Daktari alikuwa ameniambia bila kuzunguka kwamba baada ya huyu nifunge duka. Na huyu, kwa desturi, alikuwa wa mama mkwe, ambaye ana wana wengi, wote wameoa, na kila mmoja amekwisha kumzalia jina lake. Ukisimama uani kwake ukaliita, utapata timu ya netiboli. Mama yangu angeondoka duniani na jina lake likaondoka naye. Liliniuma sana jambo hilo, na sikuwa nimemwambia mtu. Kwetu mke halalamikii zamu ya majina. Ni sawa na kulalamika kwamba Jumatatu imefuata Jumapili.

Sasa ghafla nilikuwa na taifa zima nyuma yangu.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alisikiliza huku akilegeza tai yake ya benki. "Kwa hiyo tumehamia Uskoti?" akauliza. "Na mimi nianze kuvaa sketi?" Nilipomkazia macho, akainua mikono. "Mwambie mama yangu wewe. Mimi simo."

Nikampigia mama yangu simu. "Usinigombanishe na watu," akasema. "Wewe jifungue salama, basi." Kisha akauliza, "Lakini hao Waskoti, walianza lini mambo hayo?"

Mama mkwe alitua Juni, katikati ya baridi, kuja kunilea. Alikuwa amezificha njahi, zile kunde nyeusi za kumlisha mzazi, ndani ya soksi za mwanawe, na uwanja wa ndege mzima haukumwona. Nyumbani alijifunga blanketi mbili, akavaa ndara, akatwaa jiko. Nilimpikia chai kwa viungo vya maduka ya Wahindi ya Fordsburg, nikangoja anywe nusu kikombe, nikatoa hotuba yangu. Nilimweleza ngozi za kondoo, mihuri na mabinti wa kwanza. Nilizungumza vizuri, nasema mwenyewe.

"Hao watu wako," akauliza, "wako hai?"

"La, Mama. Walikufa zamani."

"Wote?"

"Wote."

"Haya. Wenye desturi yao wamekufa, wenye yetu tuko hapa tunakunywa chai." Akavuta bakuli la sukari. "Na mamako anasemaje?"

"Anasema nisimgombanishe na watu."

"Mamako ana adabu," akasema, kisha akaniuliza kwa nini chumvi ya nchi hii haikolei.

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba nikalia. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia na Waskoti, walionipa tumaini wakakosa kuja kulitetea.

Mtoto alizaliwa salama, mwenye nywele tele na hasira za asubuhi. Mume wangu alimleta mama yake hospitalini. Hakuwa na blanketi wala ndara. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, viatu vya kufunika, na kitambaa kipya kichwani.

"Mama, njoo ujione," mume wangu akamwambia, akimnyooshea mtoto, kama tunavyomwambia nyanya anayeletewa jina lake.

Hakumpokea. Alisimama mbali na kitanda. Kwetu wazazi wa mume na wazazi wa mke ni wakwe, na mkwe huonewa haya: humsogelei ovyo, humpigii kelele, hukai mpaka akukaribishe. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama mbele ya mama yangu tangu siku niliyoolewa. Akajifuta kiganja kwenye gauni, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akanyoosha kidole kimoja mpaka kwenye ngumi ya mtoto.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "karibu. Safari ilikuwaje? Utuwie radhi, huku kuna baridi."

Mimi nililia kwa sauti, bila bomba la kunificha. Aliyekuwa mbele yake ni mama yangu.

Mtoto akapiga chafya. Mama mkwe akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akangoja mkwe wake amalize.