Afisa Asiyetoka Kitini

Mvua ikianza kunukia, mimi hufungua mkebe wa sindano za mama na kunusa gamba moja la konokono wa baharini. Halinuki kitu tena. Pua yangu ndiyo inayokumbuka chumvi na mwani.

Ni dogo, halizidi ncha ya kidole gumba. Mgongo wake unakwaruza, umegandwa na chokaa hata mizunguko yake haionekani vizuri. Ukilikuta mchangani, utalipita.

Mimi na Rehema, jirani yangu wa Mjambere, tulikuwa darasa la tano. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, tulimfuata shangazi yake mwambani Nyali akitafuta pweza. Konokono huyo alikaa juu ya tumbawe moja la duara, mdomo wa gamba umelishika kabisa. Kila tulipokwenda, yu palepale. Rehema akamwita Afisa.

"Afisa yuko ofisini?" nilikuwa nikiuliza.

"Yuko, ila leo haoni watu!"

Kisha baba yake Rehema, mwashi, akapata kazi Garissa, na familia nzima ikawa inahama. Kwetu, aliyechelewa chakula aliambiwa na mama, "Asiyekuwepo na lake halipo." Maneno hayo yakanitia hofu. Nikataka Rehema aondoke na lake. Bamvua ya mwisho nikatangulia mwambani, nikambandua Afisa kwa kijiko.

Rehema alimgeuza kiganjani. Ndani ya mdomo mlikuwa na rangi ya zambarau, kama ulimi wa mtoto aliyetoka mzambarauni, na mistari myembamba kama nyuzi.

"Loo! Kumbe ndani yuko hivi!" Halafu akalitazama tumbawe. Palikuwa na kishimo cheupe, umbo la mdomo ule ule. "Umemng'oa?"

"Zawadi yako."

"Nani kakwambia nataka kumbeba? Nilitaka nikiwa Garissa nijue yuko."

Tukamrudisha kishimoni. Akaanguka. Tukamrudisha tena, naye akaanguka tena, huku maji yakitupanda miguuni.

"Nyie watoto, maji yanajaa!"

"Abee, shangazi!"

Rehema alinifumba vidole juu ya gamba. "Basi kaa naye wewe," akasema, bila kunitazama.

Konokono alikufa, gamba likabaki. Miaka mingi baadaye mvuvi mmoja alinieleza kwamba konokono wa aina hii akishatulia, mdomo wa gamba lake hukua ukifuata tumbawe alilokalia. Mahali pengine haushiki.

Nilidhani anayeondoka hukosa kitu cha kubeba. Kumbe mizigo anayo tele; anachotaka ni kujua kwamba kuna kitu alichokiacha, nacho hakijasogea.

Wenzangu wamehamia kwingine, nao huniuliza nangoja nini katika nyumba ya mama, yenye bati lenye kutu na mlango ule ule wa buluu. Huwa nacheka tu. Lakini ninyi nitawaambia: siku Rehema akipita njia hii na kuuliza kama Afisa yuko, nataka pawe na mtu wa kuitika.