Ada Ikija, Saida ni Mtoto wa Nani?

Shafii wa Mpapura alikuwa na mtoto pale tu mambo yalipokuwa mazuri. Saida akiongoza darasani, utamsikia baba mtu akitangaza barazani kwake, "Mwanangu huyo!" Saida akivunja mtungi, anageuka mpwa wa Salumu, kaka wa mkewe. Sisi huku mtoto tunamhesabu upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Shafii hakuitunga desturi hiyo. Aliitumia tu kama mwavuli, anaufungua mvua ikinyesha.

Mwaka 1998 Saida akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Shafii akazunguka kijiji kizima akipokea hongera, mpaka alipoambiwa habari ya ada. Siku hiyohiyo akamtuma binti kwa mjomba wake. Salumu, fundi cherehani wa Likombe, akamrudisha: baba ana mikorosho, yeye hata cherehani ni ya kukodi. Msichana akaenda na kurudi hadi kandambili zikakatika. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, na asiyefika nafasi yake angepewa mwingine. Akaja kumshtaki baba yake kwenye baraza la kata.

Nilikuwa mjumbe wa baraza hilo, na damu ilikuwa inanichemka tangu asubuhi. Shafii alikuja na kanzu yake ya Idi.

"Bi Hawa," akaniambia, "nionyeshe sheria inayosema mzazi amlipie chuo mtu mzima. Nimemlisha, nimemvisha, shule nimempeleka. Sasa basi. Mwana ni wa njomba wake!"

Tukapekua vitabu vya sheria. Mwenyekiti akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Sheria hiyo hatukuiona. Ningekuwa na uwezo ningeiandika palepale ukutani kwa mkaa. Shafii akaegemea kiti, akatabasamu. Saida alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Ndipo Salumu akasimama.

"Shemeji amesema kweli. Mwana ni wangu. Nina kiwanja kule Likombe, nitakiuza asome. Ila wajumbe, mwana akiwa wangu na jina aitwe langu. Mwalimu Saida Salumu."

Tabasamu likamtoka Shafii. "Jina gani tena?"

"Si umesema mwenyewe si wako?"

"Nimesema ada! Nani kataja jina? Huyu ni Saida Shafii, hata vyeti vyake vinasema hivyo! Nalipa mimi!"

"Umechelewa, shemeji. Nalipa mimi."

"Kwa kiwanja kile cha mawe? Nenda kashone huko!"

Mwenyekiti akagonga meza, hakuna aliyemsikia. Tulikuwa tumekosa sheria ya kumlazimisha mtu mmoja kulipa, sasa tukakosa ya kuwazuia wawili. Shafii aliapa kuuza korosho zote za msimu. Salumu akaapa kushona hata magunia. Walikuwa wameshikana kanzu, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi wa watoto.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamgeukia Saida tucheke pamoja. Alikuwa amejifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika. Nikamshika mkono nimwambie yamekwisha, chuo ataenda, ngoja niwaamulie wazee hawa.

Alikuwa analia.

"Bi Hawa," akasema, "waache kidogo. Sijawahi kugombewa."